Intaneti imefika Eastlands, lakini mgeni hafiki mlangoni

NYAYA za faiba zimetandazwa kutoka nguzo moja hadi nyingine katika mitaa ya Buruburu, Umoja, Donholm na Kayole, na katika maghorofa ya Pipeline visanduku vya ruta vimekuwa vitu vya kawaida kama mita za stima. Hata hivyo, mkazi wa mitaa hiyo anayetaka kuweka tovuti yake katika kompyuta iliyo sebuleni mwake, ili watu wa nje waisome, hugundua upesi kwamba mlango wa nyumba yake unafunguka upande mmoja pekee. Yeye anaweza kuifikia dunia, ila dunia haiwezi kumfikia.

Suala hili laweza kuonekana kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao. Lakini ndani yake mna maswali yanayomhusu kila anayelipia intaneti mwishoni mwa mwezi: nani anamiliki anwani za mtandao, kwa nini zimeadimika barani Afrika, kwa nini tovuti ya biashara iliyo Umoja huhifadhiwa Ulaya, na ni nini hutokea siku nyaya za chini ya bahari zinapokatika.

Seva, kwa maelezo mepesi, ni kompyuta inayowashwa saa zote ikingoja kuulizwa. Mtu aliye mbali huandika jina la tovuti, ombi lake husafiri hadi kwenye kompyuta hiyo, nayo humrudishia ukurasa alioutaka. Si lazima iwe mashine kubwa. Kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi, ambayo ilianza kuuzwa mwaka wa 2012, au kipakatalishi kuukuu chenye kioo kilichopasuka, yatosha kubeba tovuti ya shule, ya kanisa, ya chama cha akiba au ya fundi wa samani. Programu zinazohitajika, kama vile mfumo wa Linux pamoja na Apache au Nginx, hutolewa bila malipo.

Vijana wa Eastlands hawakosi ujuzi huo. Wengi wamesomea kompyuta katika vyuo vya jiji, na wengine wamejifunza wenyewe usiku baada ya kazi. Kinachowakwamisha hakimo ndani ya mashine wala vichwani mwao. Kimo kwenye njia inayoelekea nyumbani kwao.

DIRISHA LA DUKA

Wakazi wa Buruburu, mtaa ulioanza kujengwa miaka ya sabini, watauelewa mfano huu bila taabu. Katika mtaa huo, familia nyingi zimetoboa ukuta wa ua na kuweka dirisha lenye nondo linalotazama barabarani. Kilichokuwa ua wa nyumba kimegeuka duka, kinyozi au duka la dawa. Kuweka seva nyumbani ni kufanya jambo lilo hilo: kutoboa ukuta na kufungua dirisha moja ili wapita njia wahudumiwe bila kuingia ndani.

Ukuta wenyewe ni ruta. Kwa kawaida, ruta huruhusu maombi yanayotoka ndani na kuzuia yale yanayotoka nje bila kuitwa. Mwenye nyumba anayetaka kufungua dirisha hufanya mambo matatu. Kwanza, huipa kompyuta yake nambari isiyobadilika ndani ya nyumba, mathalani 192.168.1.50. Pili, huiagiza ruta kwamba kila ombi linalobisha kwenye poti ya 80 au ya 443, ambazo ndizo poti za kurasa za wavuti, lipelekwe kwa kompyuta hiyo. Tatu, hujipatia jina, kwa mfano linaloishia kwa .ke, ambalo husajiliwa chini ya usimamizi wa KENIC, na kulielekeza jina hilo kwenye anwani ya nyumba yake.

Iwapo anwani ya nyumba hubadilika kila ruta inapozimwa na kuwashwa, zipo huduma zinazolisasisha jina kila anwani inapobadilika. Cheti cha usalama kinachoonyesha alama ya kufuli kwenye kivinjari, ambacho zamani kilinunuliwa, kimekuwa kikipatikana bure tangu shirika la Let's Encrypt lilipofungua huduma yake kwa umma mnamo Desemba 2015.

Hadi hapo, kazi hiyo humalizika kwa saa chache. Kisha mwenye nyumba huchukua simu yake, huzima Wi-Fi ili atumie data ya simu kana kwamba ni mgeni, huandika jina la tovuti yake na kungoja. Katika nyumba nyingi, hakuna kinachotokea.

SANDUKU MOJA LA POSTA

Sababu ni kwamba nyumba hiyo haina anwani yake yenyewe. Mfumo wa anwani uliozoeleka, unaojulikana kama IPv4, una nafasi zisizozidi bilioni 4.3 duniani kote. Waliouasisi miaka ya sabini na themanini hawakutarajia kwamba watu wangefika bilioni 8, idadi ambayo Umoja wa Mataifa ulisema ilifikiwa Novemba 2022, wala kwamba mtu mmoja angebeba simu mbili na kuwa na televisheni inayohitaji mtandao. Hazina kuu ya anwani hizo iligawanywa ikaisha mnamo Februari 2011.

Ili kukabiliana na uhaba huo, kampuni za intaneti kote duniani huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Wakenya wamezoea mpango wa namna hiyo kwa miaka mingi. Familia isiyo na sanduku la posta hutumia sanduku la shule, la kanisa au la mwajiri. Barua inayotoka huandikwa nambari ya sanduku hilo, na jibu likija mtu anayejua aliyeandika humkabidhi. Lakini barua inayokuja bila kutarajiwa, isiyotaja ni ya nani, hubaki mezani kwa karani.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mkazi wa Kayole. Anapofungua ukurasa, mitambo ya kampuni inakumbuka kwamba ni yeye aliyeuliza, nayo humletea jibu. Lakini mgeni anayebisha kutoka Mombasa au London akiitafuta seva yake hukomea kwenye mitambo ya kampuni, kwani nyuma ya anwani hiyo wamo wateja wengi na mitambo haijui amtakaye ni nani. Ruta ya mteja inaweza kuwa imepangwa vyema kabisa. Ombi halifiki hata kwenye ukuta wake.

Kuutambua mpango huo si vigumu. Mteja hufungua ukurasa wa ruta yake na kutazama anwani iliyopewa upande wa nje, kisha hulinganisha na ile inayoonyeshwa na tovuti zinazomwambia mtu anwani yake. Zikitofautiana, anwani anayoitumia si yake peke yake. Anwani ya ruta inayoanza kwa 10, au kwa 192.168, au iliyo baina ya 100.64 na 100.127, ni ishara ya kutosha. Kundi hilo la mwisho lilitengwa rasmi mwaka wa 2012 kwa ajili ya kampuni zinazowagawia wateja anwani moja.

Wanaodhani kwamba setilaiti itawaokoa nao wanahitaji tahadhari. Starlink, iliyoanza kuuza huduma nchini Kenya mnamo Julai 2023 na ambayo ilisitisha kuandikisha wateja wapya jijini Nairobi mnamo Novemba 2024 kwa sababu nafasi zilijaa, pia huwaweka wateja wake wa kawaida wa nyumbani nyuma ya anwani za pamoja katika mfumo wa IPv4.

Athari zake haziishii kwa wanaotaka kuweka seva. Mteja mmoja akitumia anwani ya pamoja kutuma barua za ulaghai, tovuti inayojilinda huifungia anwani hiyo, na majirani wasio na hatia hufungiwa pamoja naye. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

MZOZO WA MAURITIUS

Afrika ilistahili kuwa na nafuu katika uhaba huu. Lilikuwa bara la mwisho kupata shirika lake la kugawa anwani, AFRINIC, lenye makao yake nchini Mauritius, na likabaki na akiba wakati mabara mengine yalikuwa yamekwisha kumaliza zao. Hata hivyo, akiba hiyo nayo imekaribia kwisha. Tangu Januari 2020, AFRINIC imo katika awamu ya pili ya kubana matumizi, ambapo kampuni inayoomba haiwezi kupewa zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Idadi hiyo haitoshi hata maghorofa machache ya Pipeline iwapo kila nyumba ingepewa anwani yake.

Wakati huo huo, shirika lenyewe limepitia misukosuko mikubwa. Kampuni ya Cloud Innovation, iliyosajiliwa Ushelisheli, ilikuwa imepewa anwani zaidi ya milioni 6 katika mwongo wa 2010. AFRINIC ilipodai kwamba anwani hizo hazikutumiwa kulingana na mkataba na kutaka kuzirejesha, kampuni hiyo ilikana madai hayo na kuelekea mahakamani. Mwaka wa 2021 akaunti za benki za AFRINIC zilifungwa kwa amri ya mahakama. Mnamo Septemba 2023, Mahakama ya Juu ya Mauritius iliteua msimamizi wa muda. Uchaguzi wa bodi uliofanywa Juni 2025 ulibatilishwa, na bodi mpya haikupatikana hadi uchaguzi mwingine ulipofanywa Septemba mwaka huo.

Ili msomaji apime uzito wa mzozo huo, sensa ya 2019 ilihesabu wakazi takriban milioni 4.4 katika kaunti nzima ya Nairobi. Anwani zilizozozaniwa katika kesi za kampuni moja zingetosha kumpa kila mkazi wa jiji anwani yake, kuanzia mtoto mchanga hadi ajuza, na nyingine zikabaki.

Suluhisho la kudumu lipo, nalo si geni. Mfumo mpya wa anwani, IPv6, ulizinduliwa rasmi duniani tarehe 6 Juni 2012. Anwani zake ni nyingi kiasi kwamba kila taa na kila mlango wa Nairobi ungeweza kupewa yake bila kuathiri hazina. Katika mfumo huo, nyumba moja hupewa fungu zima la anwani, na mwenye nyumba huchagua ni ipi aifungulie dirisha. Simu na kompyuta za kisasa zinaufahamu. Kilichochelewa ni kampuni kuufikisha hadi kwa mteja wa nyumbani na kumpa ruta inayoutumia ipasavyo. Hata pale unapofika, mgeni aliye kwenye mtandao wa zamani hawezi kuifikia seva hiyo moja kwa moja, na hivyo mifumo yote miwili italazimika kuishi pamoja kwa miaka kadhaa.

FUNZO LA MWAKA WA 2000

Wanaosema kwamba mambo haya ni ya kiufundi tu na kwamba sera haina nafasi wanasahau historia ya karibu. Mwishoni mwa mwaka wa 2000, kampuni za intaneti za Kenya chini ya chama chao cha TESPOK zilianzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano jijini Nairobi, KIXP. Kabla ya hapo, ujumbe kutoka kwa mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine katika jiji hilo hilo ulipanda setilaiti, ukavuka bahari hadi Ulaya au Marekani, kisha ukarudi. Nauli ya safari hiyo ililipwa kwa dola.

Kampuni ya Telkom Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya nje, ililalamika. Tume ya Mawasiliano, iliyojulikana kama CCK, ilikifunga kituo hicho wiki chache tu baada ya kuanza. Waya zilikuwapo, mitambo ilikuwapo na wataalamu walikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa idhini. Kituo kilifunguliwa tena Februari 2002 baada ya mvutano, na leo ni mojawapo ya nguzo za intaneti nchini.

Thamani yake ilionekana tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipokatika na kuzorotesha mawasiliano ya Afrika Mashariki. Ukurasa uliokuwa katika mashine iliyo nchini uliweza kufikiwa bila kuvuka bahari. Uliokuwa Ulaya ulikwama. Na mnamo Juni 25 mwaka huo huo, siku waandamanaji walipoingia katika majengo ya Bunge, intaneti ilizorota tena nchini. Kampuni ziliwaambia wateja kwamba nyaya za baharini zilikuwa na hitilafu, ilhali siku moja tu kabla ya hapo Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema haikuwa na nia ya kuzima mtandao. Siku za namna hiyo ndizo humfanya mtu aulize: kazi yangu imehifadhiwa wapi?

Seva za nyumbani peke yake haziwezi kuwa jibu la swali hilo. Lakini nchi ambayo wananchi wake wanaweza kuhudumiana kutoka mtaa hadi mtaa, kupitia kituo kilicho jijini mwao, haitegemei uzi mmoja. Kibera kuna mfano wa karibu: taasisi ya Tunapanda imejenga mtandao wa kijamii unaounganisha shule na vituo vya vijana, na Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwongozo wa kutoa leseni kwa mitandao ya aina hiyo mwaka wa 2021.

NJIA ZA KUZUNGUKA

Kwa sasa, mkazi wa Eastlands anazo njia tatu. Ya kwanza ni kuiomba kampuni yake anwani ya umma. Baadhi ya kampuni huitoa kwa ada ya ziada, nyingine huitoa kwa wateja wa biashara pekee, na katika baadhi ya mikataba ya nyumbani mteja hukatazwa kabisa kuendesha seva. Ni busara kuusoma mkataba kabla ya kulipa.

Njia ya pili ni handaki. Kwa kuwa mlango unafunguka kwa ndani, kompyuta ya nyumbani hutangulia kupiga simu kwa mashine iliyo nje yenye anwani ya umma na kuiacha laini wazi. Mgeni hubisha kwenye mashine ya nje, na ombi lake hupitishwa kwenye laini hiyo hadi sebuleni. Kampuni kama Cloudflare hutoa huduma hii bure kwa mahitaji madogo. Lakini bure ina masharti yake: wageni wote hupitia mikononi mwa kampuni ya kigeni, ambayo yaweza kubadilisha kanuni zake au kumfungia mteja ikitaka.

Njia ya tatu ni kukodi mashine ndogo ng'ambo na kujichimbia handaki kwa programu kama WireGuard, au kuiweka tovuti yote huko huko. Hapo ndipo hesabu ya dola huingia. Mashine ya dola 5 kwa mwezi iligharimu takriban shilingi 800 mnamo Januari 2024, dola moja ilipokaribia shilingi 160. Dola iliposhuka hadi takriban shilingi 129 baadaye mwaka huo, mashine ile ile iligharimu shilingi 645. Mwenye duka la Umoja hakubadilisha chochote katika biashara yake, lakini gharama yake ilipanda na kushuka kwa mambo yaliyo mbali na kaunta yake.

Wakati huo huo, macho ya wakubwa yameelekezwa kwingine. Mnamo Mei 2024, kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 wa kujenga kituo cha data kitakachotumia mvuke wa Olkaria. Vituo vya aina hiyo vina manufaa yake. Hata hivyo, mkazi wa Kayole atakuwa mpangaji ndani yake kama alivyo mpangaji katika vituo vya Ulaya, tofauti ikiwa kwamba nyumba imekaribia.

STIMA NA WEZI

Haitakuwa haki kuisifu seva ya nyumbani bila kutaja udhaifu wake. Kwanza ni stima. Kompyuta ndogo inayotumia wati 10 hula yuniti 7.2 kwa mwezi, lakini kompyuta ya mezani inayotumia wati 100 hula yuniti 72, na tokeni huisha haraka. Isitoshe, stima yenyewe haiaminiki. Tarehe 25 Agosti 2023 na tena Desemba 10 mwaka huo, taifa karibu lote liliingia gizani, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haukusalimika. Betri ya akiba husaidia kwa muda, iwapo mitambo ya kampuni iliyo mtaani nayo inayo yake.

Pili ni kasi ya kupakia. Matangazo ya kampuni hutaja kasi ya kupokea. Seva huishi kwa kasi ya kutuma. Laini inayotuma megabiti 10 kwa sekunde hutoa ukurasa wa megabaiti 1 kwa muda usiofika sekunde moja. Wageni 10 wakija kwa mpigo, kila mmoja atasubiri takriban sekunde 8. Hiyo yamfaa fundi wa samani, wala haimfai anayetarajia umati.

Tatu, na kubwa zaidi, ni usalama. Dirisha likifunguliwa, wezi huliona pia. Mashine za wahalifu huzunguka mtandaoni usiku na mchana zikijaribu kila anwani. Mwaka wa 2016, programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno duniani kwa sababu wenyewe walikuwa wameacha nywila za kiwandani. Mnamo Julai 2023, mtandao wa serikali wa eCitizen ulizidiwa na mashambulizi ambayo kundi la Anonymous Sudan lilidai kuyatekeleza. Ikiwa serikali yenye wataalamu ilitikisika, mwenye ploti hana budi kuwa macho: asasishe programu, abadilishe nywila, afungue poti anazohitaji tu, na ahifadhi nakala ya kazi yake kwingine.

Wanaoutetea mpango wa anwani za pamoja husema kwamba huwakinga wateja dhidi ya mashambulizi kama hayo. Hoja hiyo ina ukweli, ila haitoshi. Ruta yaweza kuzuia wageni wasioalikwa bila kumnyima mwenye nyumba uwezo wa kufungua anapotaka. Mlango wenye kufuli humlinda mwenye nyumba, lakini akinyimwa ufunguo hawezi tena kujiita mwenye nyumba.

Sheria nayo inamngoja. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, anayehifadhi habari za watu anawajibika kuzilinda, hata kama mashine yake iko chini ya kitanda. Mnamo Septemba 2023, shule moja jijini Nairobi ilitozwa faini ya takriban shilingi milioni 4.5 na afisi ya kamishna wa data kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mwalimu anayetaka kuweka matokeo ya wanafunzi katika seva yake ana sababu ya kutafakari mara mbili.

YANAYOHITAJIKA

Hatua zinazoweza kuchukuliwa hazihitaji mabilioni. Kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za mawasiliano, zilizochapishwa mwaka wa 2010, humpa mteja haki ya kupata habari kamili na za wazi kuhusu huduma anayonunua. Mamlaka ya Mawasiliano yaweza kuzitaka kampuni zitaje katika kila tangazo na mkataba mambo matatu: iwapo anwani ni ya mteja au ya pamoja, kasi ya kutuma ni ipi, na kama mteja anaruhusiwa kuendesha seva. Mteja akijua, ushindani utafanya kazi iliyobaki.

Pili, kampuni zihimizwe kuufikisha mfumo wa IPv6 hadi sebuleni, kwa ruta zinazofunga kila kitu mwanzoni na kumwachia mteja hiari ya kufungua. Tatu, Kenya, kama mojawapo ya mataifa yenye kampuni nyingi za intaneti barani, haina sababu ya kuwa mtazamaji katika masuala ya AFRINIC. Kampuni zake ni wanachama na zina kura. Bodi dhaifu huko Mauritius huishia kuwa ada ya ziada huko Kayole.

Mitaa ya Kaloleni, Ziwani na Ofafa ilijengwa kabla ya uhuru ili kuwapangisha wafanyakazi wa Kiafrika. Walipewa paa na choo cha pamoja, na walitakiwa kulipa kodi na kutobadilisha chochote. Miaka ilipopita, Eastlands ikafundishwa umiliki na mitaa iliyofuata: Dandora na Umoja, ambako watu waliongeza chumba baada ya chumba, na Buruburu, ambako waligeuza ua kuwa maduka. Ni maduka hayo yaliyosomesha watoto ambao leo wanaandika programu katika vyumba hivyo hivyo.

Watoto hao wanalipia intaneti kila mwezi. Wanachoomba ni ruhusa ile ile waliyojitwalia wazazi wao, ya kutoboa dirisha moja ukutani. Kwa sasa, jibu wanalopata kutoka kwa wengi wa wanaowauzia huduma ni kwamba ukuta si wao.